Ukitoka Kwenye Boxer Kwenda Cc 700

Swali la kwanza ambalo watu huuliza kuhusu pikipiki kubwa ni la mwendo: inafika ngapi? Ndilo swali lenye faida ndogo kuliko yote. Pikipiki yoyote ya cc 400 hadi 700 inayotengenezwa siku hizi inakwenda mbio kupita mbali kile ambacho barabara zetu, matuta yetu na mifugo inayovuka vinaruhusu. Cha kuuliza ni namna nguvu hiyo inavyofika kwenye lami, na kitu gani kitaizuia siku mtoto atakapokatiza mbele yako. Anayenunua kwa kuangalia injini peke yake hulipia kilicho kizuri tayari, akasahau vile vitakavyomrudisha nyumbani salama.

Naandika kwa ajili ya yule aliyeendesha Boxer, TVS au Honda ndogo kwa miaka, anayejua kucheza na klachi, na sasa amepata fedha za kununua pikipiki ya ukubwa wa kati. Nazungumzia zile za wazi, zisizo na makava ya plastiki ya kukata upepo: fremu, injini na rejeta vyote viko nje, unaviona na unavigusa. Mfano wangu mkuu utakuwa Yamaha MT-07. Ilioneshwa Milan mwishoni mwa 2013, ikaingia sokoni 2014, na imeuzwa kwa wingi kiasi kwamba uzuri na upungufu wake vinajulikana vizuri.

Tuanze na tofauti ya ukubwa, maana ndiyo inayowaponza wengi. Boxer ya 150 inatoa nguvu za farasi 12 hivi. MT-07 inatoa karibu 75, yaani zaidi ya mara sita, huku uzito wake ukiwa kilo 182 pamoja na mafuta na ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukibana breki. Lakini hizo 75 hupatikana kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika, mahali ambapo mwendeshaji wa mjini hafiki mara nyingi. Namba ya maana zaidi ni nguvu ya kuzungusha: nyutonimita 68 kwenye mizunguko 6,500, na sehemu kubwa ya hizo iko tayari hata chini ya 4,000. Hiyo ndiyo nguvu utakayoitumia kila siku ukitoka kwenye tuta au ukipita lori kwenye mlima.

Kwa nini injini hii inavuta hivyo tangu chini? Ina silinda mbili zilizokaa sambamba, jumla cc 689. Kila pistoni ina kipenyo cha milimita 80 na husafiri milimita 68.6. Siri yake kubwa iko kwenye krenki. Mbunifu wa injini ya silinda mbili lazima aamue pini mbili za krenki zikae wapi. Akiziweka upande mmoja, pistoni zote mbili hupanda na kushuka pamoja. Ndivyo zilivyokuwa pikipiki nyingi za Uingereza za zamani, na mtikisiko wake ulilegeza nati. Akizitenganisha kwa nyuzi 180, moja ikipanda nyingine inashuka; hivyo ndivyo zilivyo Honda CB500F na Kawasaki Z650, injini zinazochangamka zaidi ukizipandisha mizunguko. Yamaha walichagua nyuzi 270, njia waliyokwisha kuitumia kwenye TRX850 ya 1995.

Faida yake ni hii. Pistoni ikifika juu kabisa au chini kabisa husimama kwa kitambo kidogo mno, kisha huanza kurudi. Kwenye krenki ya 270, moja inaposimama, nyingine iko karibu na katikati ya safari yake, ikienda kwa kasi yake kubwa. Kwa hiyo krenki haivutwi huku na huku na uzito wa pistoni mbili zinazosimama na kuondoka kwa wakati mmoja. Unachokisikia kwenye gurudumu la nyuma ni msukumo wa mlipuko wenyewe, na ukifungua mafuta kwenye lami yenye mchanga unajua mapema tairi linashika au linaanza kuteleza. Milipuko nayo haiachani sawa: baada ya wa kwanza, wa pili huja nyuzi 270 baadaye, kisha krenki huzunguka nyuzi 450 kabla ya kurudia. Ule mngurumo wa kuruka-ruka unaosikika unatokana na hapo, wala si ubovu. Niliona nieleze hili kwa kirefu kwa sababu mafundi wasioizoea injini hii husikia mlio huo wakataka kufungua kitu kisicho na kasoro.

Kwa mwendeshaji, maana yake ni kwamba usiikimbize injini bila sababu. Gia ya tatu kwa kilomita 40 kwa saa inatosha. Injini itakuwa karibu na mizunguko 2,700 na itavuta bila kulalamika. Unachopaswa kuacha ni ile tabia ya kushusha gia mbili tatu upesi na kuachia klachi kwa ghafla. Kwenye Boxer pikipiki hunguruma tu ikapungua mwendo. Hapa injini hukaba gurudumu la nyuma hadi lirukeruke, hasa mvua ikinyesha. Z650 ina klachi inayolegea yenyewe kupunguza kishindo hicho. MT-07 za miaka ya mwanzo hazina.

Wapo watakaoniuliza kuhusu Suzuki SV650. Ni injini nzuri sana, silinda mbili za V ya nyuzi 90, na imethibitika tangu 1999. Ina jambo moja la kukumbuka: plagi ya silinda ya mbele imekaa kwenye shimo linalopokea tope la gurudumu, na shimo hilo lina tundu dogo la kutolea maji. Tundu likiziba, maji hubaki, na pikipiki huanza kukosa moto upande mmoja kila mvua inaponyesha. Fundi asiyelijua hilo atakuuzia koili na betri. Wewe zibua tundu kwanza.

Na si lazima uende cc 700. Kama safari zako ni Dar hadi Bagamoyo na mara mojamoja Morogoro, Bajaj Dominar 400 inatosha kabisa. Ina silinda moja ya cc 373, injini yenye asili moja na ile ya KTM 390 Duke, na tangu 2019 inatoa nguvu za farasi 40. Inatetemeka zaidi kwenye mwendo wa juu, lakini si mashine ya kudharau. Ukiona Honda CB400 Super Four kutoka Japani, ujue ilitengenezwa kwa ajili ya leseni ya huko inayoishia cc 400. Ni tamu kuendesha, ila zile za zamani zina kabureta nne, na kuzilinganisha zote nne kunahitaji vipimo na mtu mvumilivu. Kama fundi wako hana vyote viwili, iache.

Sasa oili. Hapa ndipo injini nyingi nzuri huharibiwa kwa kutojua. Pikipiki hizi zina klachi inayoogelea kwenye oili ileile inayolainisha pistoni na gia. Oili nyingi za magari madogo zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Ukiimwaga humo, baada ya muda utafungua mafuta, injini itapiga kelele, pikipiki isisogee inavyopaswa. Tafuta maandishi JASO MA au MA2 kwenye chupa; huo ni ubora uliowekwa na Wajapani mahsusi kwa pikipiki zenye klachi ya namna hii. Uzito wa 10W-40 unafaa joto letu. MT-07 hupokea lita 2.3 ukibadili oili peke yake, na 2.6 ukibadili na filta. Aliyezoea lita moja ya Boxer apange bajeti yake upya. Pima kiwango pikipiki ikiwa wima. Ukipima ikiwa imeegemea stendi ya pembeni, utadanganywa.

Filta ya hewa ya MT-07 ni ya karatasi iliyopakwa oili, iko chini ya tanki. Haipulizwi kwa kompresa wala kuoshwa, hubadilishwa. Kama unapita barabara za vumbi kila siku, usingoje kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu.

Rejeta nayo iko uchi, moja kwa moja nyuma ya gurudumu la mbele, ikipokea kila kokoto. Wavu wa chuma wa kuikinga ni miongoni mwa vitu vya kwanza vya kununua. Osha mapezi yake kwa maji ya kawaida, kwa upole, maana maji ya mashine yenye nguvu huyalaza yakaziba njia ya hewa. Feni ikiwaka kwenye foleni ya Ubungo, usiogope, inafanya kazi yake. Ikiwa injini ina joto kali na feni haiwaki, zima na utafute kivuli. Usijaze maji ya bomba. Weka maji maalumu ya rejeta, yenye kinga ya kutu, kwa sababu njia za maji ndani ya injini ni za aluminiamu.

Cheni ya pikipiki kubwa si kama ile uliyoizoea. Kati ya vipande vyake kuna vipete vidogo vya mpira vinavyofungia grisi ndani. Petroli na brashi ya waya huviua vipete hivyo, na vikifa, cheni imekufa hata kama inang'aa. Isafishe kwa mafuta ya taa na kitambaa, ifute, kisha ipake oili ya cheni ikiwa bado ina joto la safari. Ulegevu wake upime kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye mkono wa gurudumu la nyuma, na uzungushe gurudumu kupima sehemu kadhaa, maana cheni haiishi sawasawa. Kosa kubwa ni kuikaza sana. Ukikaa, mkono wa nyuma hupanda na kuivuta, na cheni iliyokazwa kupita kiasi hula beringi ya mhimili wa gia ya kutokea. Beringi hiyo iko ndani ya injini, na kuifikia ni kazi ya kufungua injini nzima.

Nimefika kwenye breki. MT-07 za mwanzo zina diski mbili mbele za milimita 282, kila moja na kalipa ya pistoni nne, na nyuma diski ya 245. Kuanzia 2021 za mbele zilikua hadi 298. Ukilinganisha na breki ya ngoma, utahitaji kujifunza upya: vidole viwili vinatosha, na ubanaji uwe wa kuongeza polepole, kwanza ukiacha shokapu za mbele zishuke, kisha ukikaza. Kukamata ghafla kwa mkono mzima kunafunga gurudumu kabla uzito haujahamia mbele. Ndiyo maana nasema bila kusita: nunua yenye ABS hata kama itabidi usubiri miezi mitatu zaidi kuchanga fedha. Kuikagua ni rahisi. Ukifungua swichi, taa ya ABS lazima iwake, na ukianza kutembea lazima izimike. Isipowaka kabisa, kuna aliyeizima kuficha tatizo.

Mafuta ya breki ni jambo lingine linalopuuzwa. DOT 4 hufyonza unyevu wa hewa, na sisi wa pwani, Tanga hadi Mtwara, tuna unyevu wa kutosha. Maji yakiingia humo, kiwango cha kuchemka hushuka. Utayaona madhara mahali kama Kitonga: unateremka kwa breki muda mrefu, kalipa inapata joto, mafuta yanachemka, na mkono wa breki unakwenda hadi kwenye hendeli bila kubana chochote. Badilisha kila miaka miwili hata kama kopo linaonekana kujaa, na mlimani teremka kwa gia, breki ikisaidia tu.

Shokapu ndizo sehemu ambayo Yamaha walibana gharama, na hapa nina msimamo. Shokapu za mbele za MT-07 ya 2014 ni nene vya kutosha, milimita 41, lakini hazina marekebisho yoyote na springi zake ni laini. Ya nyuma inarekebishwa mkazo wa mwanzo wa springi tu. Kwa mtu wa kilo 60 kwenye lami nzuri, hakuna shida. Kwa mtu wa kilo 85 mwenye abiria na begi, mbele huzama mno anapofunga breki, na nyuma huyumba kwenye kona yenye mabonde. Watu wengi hudhani kukaza pete ya kurekebisha mkazo huo wa nyuma kunaifanya springi kuwa ngumu. Sivyo, kunabadilisha tu kimo ambacho pikipiki inakaa ukiwa juu yake. Springi ni ileile. Mwaka 2018 Yamaha waliweka springi ngumu zaidi mbele na nyuma, wakaongeza na marekebisho ya kasi ya kurudi kwa shokapu ya nyuma. Kati ya ya 2016 iliyosafishwa ikang'aa na ya 2018 yenye mikwaruzo kidogo, mimi ningechukua ya 2018 bila kufikiri mara mbili.

Kumbuka pia kwamba chini yake kuna milimita 140 tu hadi ardhini, na bomba la moshi linapita chini ya injini. Tuta refu la kijijini lipite polepole, kwa pembe kidogo, ukiwa umesimama kwenye vikanyagio. Ukiwa na abiria, mshushe kama tuta ni la kienyeji.

Tairi la nyuma ni 180/55 la inchi 17, halina tyubu. Likitoboka, fundi wa barabarani atakushauri kuweka tyubu, kataa. Vyuma vyake vya kubandulia hukwangua ukingo wa rimu, na baada ya hapo upepo utavuja milele. Beba vijiti vya kuziba na pampu ndogo, viko chini ya kiti havikusumbui. Upepo wa kawaida ni psi 33 mbele na 36 nyuma, ukipimwa asubuhi tairi likiwa la baridi. Na usome umri wa tairi: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Pikipiki iliyokaa bohari miaka saba inaweza kuwa na tairi lenye kashata nzuri na mpira uliokauka, usioshika lami yenye maji. Hilo halionekani kwa jicho hadi siku ya mvua.

Ukienda kukagua, fika bila kuchelewa na uguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameitayarisha, na hutajua inavyowaka ikiwa baridi. Geuza hendeli mpaka mwisho pande zote na uangalie vyuma vidogo vya kuizuia vilivyo kwenye shingo ya fremu. Vikiwa vimebonyea au vimepakwa rangi mpya, pikipiki hiyo iliwahi kugonga kitu. Inua gurudumu la mbele, geuza hendeli taratibu: ikinasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Pitisha kidole kwenye bomba la shokapu uone kama lina oili. Tazama meno ya sproketi, yakilala upande mmoja, cheni na sproketi zake hubadilishwa pamoja. Pima na diski za breki: unene wa chini kabisa unaoruhusiwa umechongwa kwenye diski yenyewe. Shusha stendi ya pembeni injini ikiwa inaunguruma, uingize gia, lazima izime. Isipozima, swichi imerukwa kwa waya, na anayeruka waya mmoja huwa ameruka na mingine.

Tazama pia taa usiku. Pikipiki ya Japani au Uingereza ina taa iliyopangwa kwa nchi za kuendesha kushoto, kama zetu. Iliyotoka Ujerumani au Marekani humulika upande wa pili, machoni mwa anayekuja mbele yako, na taa yake hubadilishwa kabla ya safari yoyote ya usiku.

Kuhusu fedha, usimalize zote kwa muuzaji. Tenga za matairi mawili, mafuta ya breki, oili na filta, maji ya rejeta, na wavu wa kuikinga. Nguo na kofia ngumu ya kufunika uso ziwe ndani ya hesabu hiyohiyo, kwa sababu kwenye pikipiki ya wazi upepo wa kilomita 110 unakupiga kifuani mzima. Eksozi ya kelele iache dukani. Injini hizi hupimiwa mafuta na kompyuta iliyopangwa kwa eksozi yake ya asili. Ukiibadili bila kupanga upya kompyuta, mchanganyiko unaweza kuwa na hewa nyingi kuliko inavyotakiwa, injini ikapata joto zaidi na kukatakata mwendo wa polepole. Bei ya mfumo mmoja mzima wa eksozi ya jina kubwa inatosha kununua springi za mbele zinazolingana na uzito wako na oili mpya ya shokapu, na chenji ikabaki ya kumlipa fundi.